Bibi, Mjukuu na Mlima

Kuna hadithi ambayo mtalii husimuliwa akiwa bado hajafunga viatu vya kupandia mlima, na ambayo hata watu wa Uru, Kibosho na Old Moshi huirudia bila kuona ajabu. Kilimanjaro, wanasema, ilikuwa mali ya Waingereza. Malkia Victoria akaona haya kuwa na milima miwili yenye theluji huku mjukuu wake, Wilhelm wa Ujerumani, hana hata mmoja, akamkatia huu wa kwetu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ramani huletwa kuwa shahidi: mpaka unatoka baharini umenyooka, ukikaribia mlima unapinda, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Hadithi ni tamu, ila si ya kweli. Mpaka ule ulikubaliwa na serikali mbili mwaka 1886, na wakati huo kiti cha enzi cha Ujerumani kilikaliwa na babu yake Wilhelm. Mjukuu hakuwa Kaiser hadi Juni 1888, babu na baba walipokuwa wamefariki ndani ya miezi michache. Mstari ulipinda kwa sababu za karatasi. Karl Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters, alikuwa amepata mkataba kwa Rindi, Mangi (mtawala wa Kichagga) wa Moshi, mwaka 1885. Mwingereza Harry Johnston alikuwa na hati zake za Taveta za mwaka 1884. Wakubwa walipokaa mezani, kila upande uliondoka na kile ambacho hati zake zilidai, na ndiyo maana Taveta iko Kenya na Moshi iko Tanzania.

Kwa nini basi uongo huu hauchoki? Kwa sababu humpa msikilizaji watu anaowafahamu. Bibi na mjukuu wapo katika kila kihamba, shamba la ukoo la Kichagga. Kampuni ya Peters haipo katika kihamba chochote. Walter Bagehot, Mwingereza aliyeandika juu ya katiba ya nchi yake mwaka 1867, aliliona jambo hili mapema, tena akalisifu: familia ikikaa kwenye kiti cha enzi, utawala unageuka kitu ambacho akili ya kila mtu inaweza kukishika, na arusi ya mwana wa mfalme inawagusa wengi kuliko muswada wowote wa bunge. Alipima vizuri nguvu ya jambo hilo. Lakini alichokihesabu kuwa faida ndicho mimi ninachokihesabu kuwa hasara. Tunachokishika ni sura za watawala tu, na utawala wenyewe unatuponyoka. Ndani ya hadithi ya bibi na mjukuu, Peters, Jühlke, Salisbury wa serikali ya Uingereza na Bismarck wa serikali ya Ujerumani wanatokea mlango wa nyuma bila kuulizwa lolote, na mlima unabaki kama doti ya kanga inayotoka mkono wa bibi kwenda mkono wa mjukuu. Kibaya zaidi, hakuna Mchagga hata mmoja ndani yake. Rindi, mtawala mjanja aliyepokea Waingereza, Wajerumani na watu wa Sultani wa Zanzibar na kujaribu kumtumia kila mmoja dhidi ya mwenzake, amefutwa. Wanaoifurahia hadithi hii wamekubali, bila kukusudia, kwamba nyumbani kwao hapakuwa na mtu.

Hapa ndipo jambo linaloonekana kuwa la magazeti ya udaku linapogeuka swali la dini na falsafa: jicho la mwanadamu lina wajibu gani? Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1890 walileta, pamoja na katekisimu, mapokeo marefu ya kulijadili swali hilo. Augustino wa Hippo, katika Maungamo yake, aliiweka tamaa ya macho kando ya tamaa za mwili, akaiita ugonjwa wa kutaka kujua kwa ajili ya kujua tu, ugonjwa unaowafanya watu wakimbilie maonyesho na hata maiti iliyoraruliwa. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilipima kwa utulivu zaidi. Kuangalia mambo ya jirani, alifundisha, si kosa ukifanya hivyo ili ujirekebishe wewe, au ili umfae yeye. Ni kosa ukifanya ili umdharau, au umsumbue bila faida. Kwa kipimo hicho, nyumba za kifalme si kitu haramu kukitazama. Lakini mfalme hafanani na jirani wa kawaida, maana anaishi kwa kodi, kwa utii na kwa jasho la watu wasiokuwa wa ukoo wake. Kwa hiyo naongeza sharti moja ambalo Thoma hakuliandika: anayetazama familia ya kifalme asiishie kwenye nani kampenda nani, nani kakaa wapi, nani kavaa nini. Aendelee mpaka afike kwenye deni. Nyumba hii inadaiwa nini, na nani amekuwa akilipa kwa niaba yake? Swali likikomea sebuleni ni udaku. Likifika kwenye deni ni udadisi, na udadisi wa namna hiyo naamini ni wajibu.

Hakuna mahali ambapo tofauti hiyo inaonekana wazi kuliko katika maisha ya Sayyida Salme wa Zanzibar, binti ya Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Kisa chake kina kila kitu ambacho macho yanakipenda. Baba anafariki mwaka 1856. Kaka wawili, Majid na Barghash, wanagombana. Mwaka 1859 Barghash anajaribu kuasi, na Salme, msichana aliyejifundisha kuandika mwenyewe, anamwandikia barua za siri. Kisha yanakuja mapenzi na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, mimba, kutoroka kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866, ubatizo na ndoa huko Aden mwaka 1867, jina jipya la Emily, na ujane uliomkuta Ujerumani mwaka 1870 akiwa na watoto wadogo. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kimejaa adabu za kasri: jinsi watoto walivyoketi kwa kufuata umri, jinsi masuria, hata aliyependwa vipi, hawakula meza moja na Sultani, jinsi Bibi Azza bint Seif, mke halali, alivyoogopwa na wakubwa kwa wadogo. Wasomaji wa Ulaya waliyataka hayo, na wageni wa Mji Mkongwe bado wanayataka. Lakini msomaji mwenye swali la deni atauliza nani aliyebeba hizo sinia, nani aliyechuma karafuu zilizozinunua, na ataona kwamba mwandishi mwenyewe aliutetea utumwa ndani ya kitabu hicho hicho. Ataona pia kwamba mapenzi ya binti mfalme yaligeuzwa silaha. Mwaka 1885 Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alipinga Ujerumani kutangaza ulinzi wake bara. Alimtuma Jenerali Mathews, kamanda wa jeshi lake, hadi Kilimanjaro kuwapa wamangi bendera ya Zanzibar, wiki chache tu kabla Jühlke hajafika na karatasi zake. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, na Emily Ruete akawa amepelekwa katika msafara huo: dada anayedai urithi wake kwa kaka, raia wa Ujerumani anayestahili kulindwa, kisingizio kilichoiva. Barghash aliposalimu amri, madai ya urithi hayakuwa tena na haja kwa Bismarck, na mjane akarudi Ulaya karibu mikono mitupu. Mirathi ya dada na mustakabali wa Moshi vilikuwa mzozo mmoja. Anayejua mapenzi tu ya Salme amejua nusu iliyo nyepesi.

Mtu asije akadhani nasema adabu za watawala ni upuuzi. Mteremko huu uliishi kwa adabu. Uru, iliyobanwa kati ya Kibosho ya Mangi Sina na Moshi ya Mangi Rindi, ilijua vizuri kwamba namna ya kumsalimu mkubwa inaweza kuwa tofauti kati ya amani na kuchomewa migomba. Petro Itosi Marealle, mwenyewe mwana wa ukoo wa kimangi wa Marangu, aliona adabu za Kichagga zinastahili kitabu kizima, akakitoa mwaka 1947 na kukiita Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Kichwa hicho peke yake kinaonyesha kwamba kwake mwenendo mwema haukuishia kaburini. Mwenyeji huonja mbege kwanza kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni ajue haina sumu. Nyama hugawanywa kwa nafasi ya kila mtu. Anayekuja na jani la isale kuomba msamaha hakataliwi kirahisi, hata kama aliyekosewa ni mkubwa na mkosaji ni mdogo. Tazama vizuri mifano hiyo. Yote inamfunga mwenye nguvu. Mwenyeji ndiye anayeanza kunywa, aliyekosewa ndiye anayelazimika kusikiliza. Mangi naye alidaiwa: kuamua kesi, kuwapatia vijana vihamba katika ardhi ambayo haikuwa na mtu, kulinda mifongo, yaani mifereji ya maji, isikatwe na adui. Watu walimlimia, wakampelekea ng'ombe na pombe, na aliposhindwa kabisa kulipa upande wake, waliweza kuvuka korongo wakawa watu wa mangi mwingine. Sipambi. Wamangi hao hao, Rindi akiwamo, walifanya biashara ya pembe na ya watu pamoja na misafara kutoka pwani, na wake zao wengi hawakuulizwa maoni. Ninachosema ni kwamba heshima ya pale ilikuwa na hesabu ya pande mbili, na kila mtu aliijua hesabu hiyo.

Hesabu hiyo ilikuja kufungwa hadharani, kwa kura. Januari 1952 Thomas Marealle, msomi aliyepitia London School of Economics, alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, akiwa amechaguliwa na watu baada ya kampeni kali ya Petro Njau na chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Februari, Elizabeth, aliyekuwa mapumzikoni Nyeri, akawa malkia wa Uingereza kwa sababu baba yake alikuwa amefariki usingizini. Wawili hao walianza kazi karibu wakati mmoja, katika miteremko ya milima ya nchi jirani, na sidhani kuna mfano mwingine mzuri kuliko huo wa njia mbili za kupata taji. Marealle aliwapa Wachagga bendera na wimbo, na gazeti la Komkya likaeneza habari za baraza lake, na kwa muda fahari ya mlima ilikuwa na uso mmoja. Lakini kura ina tabia ya kurudi. Vijana waliosoma na waliounga mkono TANU walianza kulalamika kwamba mamlaka yamekusanyika mno mikononi mwake, na mwaka 1960 wananchi wakaulizwa kama wanataka Mangi Mkuu wa maisha au rais anayechaguliwa. Wengi wakataka rais, na kiti kikaenda kwa Solomon Eliufoo. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Kwa maoni yangu kura ile ya 1960 ni tendo kubwa la kimaadili kuliko sherehe zote za kusimikwa: watu waliotoa heshima waliketi, wakaangalia walichopata, wakaamua. Na bado Septemba 2022, bendera zetu ziliposhushwa nusu mlingoti kwa ajili ya Elizabeth, ilikuwa rahisi zaidi kukutana na mtu wa Moshi anayewajua watoto wa malkia huyo kwa majina na ndoa zao kuliko anayeweza kueleza jinsi Mangi Mkuu wake alivyoondoka.

Msomaji wa Biblia atanipinga kwa haki: Mtume Petro hakuagiza kumheshimu mfalme? Aliagiza. Lakini aliagiza kuwaheshimu watu wote pia, kwa pumzi ile ile, na hofu akamwachia Mungu peke yake. Na Agano la Kale, ambalo halina aibu ya kusimulia habari za ikulu, lina sheria ya adabu ya mfalme katika Kumbukumbu la Torati 17: asijilimbikizie farasi, asijilimbikizie wake, asijilimbikizie fedha na dhahabu, ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Samweli, wazee wa Israeli walipomtaka mfalme ili wafanane na mataifa mengine, hakuwaeleza juu ya mavazi wala arusi. Aliwasomea bili: watoto wenu wa kiume, watoto wenu wa kike, mashamba yenu, zaka ya mifugo yenu. Walisikia wakamtaka hivyo hivyo. Walitaka kutazama.

Pingamizi jepesi zaidi husema haya yote ni burudani, na asiyependa azime televisheni. Adam Smith, ambaye si mtu wa kushukiwa kuwa mhubiri, alilijibu mwaka 1790 alipoandika kwamba mwelekeo wetu wa kuwastaajabia wakubwa na matajiri, huku tukiwapuuza maskini, ndio chanzo kikubwa cha kuharibika kwa hisia zetu za maadili. Burudani hufundisha macho yazoee. Chukua mahojiano ambayo Harry, mjukuu wa Elizabeth, na mkewe Meghan walifanya na Oprah Winfrey, Machi 2021, waliposema kwamba ndani ya familia kulikuwa na mazungumzo kuhusu rangi ya ngozi ya mtoto ambaye hajazaliwa. Swali lililovuma kote, Afrika Mashariki ikiwamo, lilikuwa: nani alisema? Tukamsaka mkosaji mmoja mwenye jina, kama vile historia ya taji hilo na watu weusi ilianza sebuleni kwa mtu mmoja mwenye ulimi mbaya. Hadithi ya bibi na mjukuu ilijirudia, safari hii ikiwa na kamera.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Husema: ukiwaondoa wafalme, watu hawaachi kuabudu, wanahamia kwa wachezaji, kwa wasanii, kwa wahubiri wenye ndege. Heri basi mfalme, ambaye angalau analelewa katika adabu. Ushahidi upo. Tanzania, ambayo ikiwa bado Tanganyika ilifuta machifu mwaka 1963, ilimshuhudia Rais Samia Suluhu Hassan akisimikwa kuwa Chifu Hangaya huko Mwanza mwaka 2021, na wengi walifurahi. Uganda, iliyofuta falme zake miaka ya 1960, ilizirudisha mwaka 1993, na Kabaka Mutebi wa Buganda alipofunga ndoa na Sylvia Nagginda huko Namirembe mwaka 1999, Kampala ilijaa. Nakubali kwamba kiu haifi. Siamini hata kwamba inapaswa kufa, kwa maana ndani yake kuna hamu halali ya kuona maisha ambayo kila ishara ina maana, mtu asiyeweza kufanya tu anachojisikia kwa sababu watu wanamtegemea. Ndiyo hamu ile ile inayowapeleka watu kwenye liturujia. Lakini hapo hapo ndipo mfalme wa mbali anapodanganya. Mtu wa Buganda anaweza kuiuliza Mengo, makao ya Kabaka, juu ya ardhi, na huuliza, wakati mwingine kwa hasira. Mtu wa Uru hawezi kuiuliza nyumba ya kifalme ya Windsor chochote. Anapewa itifaki bila mkataba, heshima isiyo na upande wa pili. Na mwanadamu akizoea kuheshimu bila kudai, huizoea tabia hiyo hadi kwa mbunge wake.

Uzuri ni kwamba mlima huu huu una mfano wa jinsi ya kuzifuatilia habari za nyumba ya kifalme ipasavyo. Tarehe 2 Machi 1900, huko Tsudunyi, Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine 18, miongoni mwao Molelia wa Kibosho. Inaaminika kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alitumia miaka mingi akiulizia. Nyumba ile ya kimangi ilihitaji maswali yale yale ambayo udaku huyapenda, nani mwana wa nani, nani wa tumbo la nani, isipokuwa safari hii yalijibiwa kwa vipimo vya DNA, vilivyolinganisha wazao na mafuvu kutoka katika mkusanyiko wa Berlin wenye zaidi ya mafuvu 1,000 ya Afrika Mashariki. Septemba 2023 taasisi inayoyatunza, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilitangaza kwamba fuvu moja limelingana kabisa na wazao wa akida, mshauri wa karibu wa Meli, na mengine mawili yanakaribiana sana na ukoo wa Molelia. Kichwa cha Meli hakikupatikana kati ya hayo, na ukoo haukuacha kukidai.